Umemkanyaga Paka Bila Kukusudia: Nusu Saa ya Kwanza na Siku Tatu Zinazofuata

Mlio wa paka aliyekanyagwa mkia husikika nyumba nzima, kisha kimya. Paka yuko chini ya kabati, na aliyemkanyaga amesimama palepale, moyo unamwenda mbio, anajiuliza kama amemvunja na kama ataaminiwa tena. Sisi tunaoishi na paka na kuwauguza tumejifunza kwamba ajali nyingi za ndani ya nyumba huwa ndogo kuliko mlio wake. Kinachoumiza zaidi ni yale yanayofuata: kumkimbiza ili abembelezwe, kumvuta mguu atoke mafichoni, kumbana kifuani kwa huruma, kumpa kipande cha Panadol. Mguu umeshateleza, lakini nusu saa inayofuata bado iko mikononi mwako.

Paka mzima wa nyumba zetu ana kilo 3 hadi 5. Mtu mzima ana kilo 60, 70 au zaidi, kwa hiyo hofu ina msingi. Ila mguu unaotembea ukigusa kitu laini hujizuia kabla uzito wote haujatua, na paka naye hujichomoa upesi. Ndiyo maana mkia au kidole kilichokanyagwa mara nyingi huuma kwa muda tu, kisha basi. Hatari hupanda pale uzito usipoweza kurudi nyuma: mtu anayeshuka ngazi akitua kwa kisigino, anayejitupa kwenye sofa lenye paka chini ya blanketi, mguu wa kiti cha plastiki chenye mtu juu yake, mlango uliofungwa na upepo. Kwa watoto wa paka hesabu ni nyingine kabisa. Huzaliwa na gramu 100 hivi, mbavu zao ni laini, na tumbo halina misuli ya kutosha kulinda ini. Mtoto wa paka aliyekanyagwa kifuani au tumboni apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata akionekana mzima.

Kwa paka mkubwa, jambo la kwanza ni kusimama ulipo. Usimfuate. Paka aliyeshtuka ana mboni zilizotanuka hata mchana kweupe, masikio yamelala pembeni, mgongo umejaa manyoya yaliyosimama, na mwili wote uko tayari kukimbia au kupigana. Ukimfuata wakati huo, kwake ajali haijaisha. Anayemuumiza bado anakuja. Funga madirisha na mlango wa nje ili asikimbilie barabarani, watoe watoto na mbwa chumbani, zima redio, kisha kaa chini sakafuni umbali wa mita mbili au tatu, ubavu ukiwa upande wake. Usimkazie macho. Nyumba yenye paka wawili, watenge kwa muda: paka mwenye hofu anaweza kumrukia mwenzake asiyehusika, na ugomvi wa namna hiyo huweza kuanza saa kadhaa baada ya chanzo chake. Acha dakika thelathini zipite. Kinachovunja subira hiyo ni damu inayotiririka, kupumua kwa shida, kulegea, au mguu unaoning'inia tu.

Wakati unasubiri, uchunguzi umeshaanza, kwa macho. Hesabu jinsi ubavu unavyopanda na kushuka kwa sekunde 30, uzidishe kwa mbili. Paka aliyetulia au anayelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Baada ya mshtuko itakuwa juu ya hapo, ila lazima ianze kushuka kadiri anavyotulia. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa, au anayenyoosha shingo na kupanua viwiko vya mbele ili avute hewa, hafai kusubiri chochote. Huyo ni wa kupelekwa sasa.

Kisha uso wake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Canada, walichapisha kipimo cha maumivu ya paka kinachosoma uso peke yake: masikio yalivyokaa, macho yalivyofumbwa nusu, pua na mdomo vilivyokazika, sharubu zilivyonyooka, na kichwa kilivyoshuka chini ya mabega. Kila kimoja hupewa alama 0, 1 au 2, na jumla ya 4 kwenda juu kati ya 10 inaashiria kwamba paka anahitaji dawa ya maumivu. Hata bila karatasi ya alama, kujua mahali pa kutazama kunasaidia sana, kwa sababu paka huficha maumivu. Usidanganywe na kukoroma kwake kwa raha ukimshika: paka hukoroma vilevile akiwa anaumwa, na hata akiwa anakufa.

Akitoka mwenyewe, mwache atembee kwanza kabla ya kumgusa. Tazama kama anakanyaga miguu yote minne, kama anaruka mahali alipozoea kuruka, kama mkia unapanda. Halafu ndipo mikono, na iwe mara moja tu, kwa utaratibu, ukianzia sehemu unayodhani haikuumia. Mpapase kichwa, shingo, mgongo. Teremsha vidole kwenye kila mguu kuanzia begani au nyongani hadi kuchani, na ulinganishe na mguu wa upande wa pili. Uvimbe mdogo hugunduliwa kwa kulinganisha. Vidole vya mbele ni vitano kila mguu, vya nyuma vinne, na ukucha uliokatika katikati hutoka damu nyingi inayotisha bila kuwa na hatari kubwa. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano bila kufunuafunua. Kila ukifunua kutazama, damu iliyoanza kuganda unaivua. Mwisho inua mdomo wa juu uone ufizi. Uwe wa rangi ya waridi. Ubonyeze kwa kidole: utageuka mweupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe, wa kijivu au wa buluu ni dharura. Paka wengine wana madoadoa meusi ya kuzaliwa kwenye ufizi, na wenye paka wa aina hiyo hushtuka bure. Utazame leo akiwa mzima, uujue.

Mkia unastahili neno zaidi. Ncha iliyobanwa huvimba na kupona, au hukatwa na daktari na paka akaishi vizuri. Tatizo ni shina. Mkia ukivutwa kwa nguvu, kama paka amekanyagwa naye akajirusha mbele, neva zinazotoka mwisho wa uti wa mgongo huweza kunyooshwa au kukatika, na neva hizohizo za jirani ndizo zinazoongoza kibofu na haja kubwa. Kwa hiyo mkia uliolegea kama kamba usitazamwe peke yake. Tazama mchanga wa kujisaidia. Paka ambaye hajakojoa kwa saa 24 baada ya kuumia, au anayevuja mkojo bila kujua, anahitaji daktari, na dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu asilale nyumbani usiku huo kabla ya kuonwa na daktari. Kama paka wako hujisaidia nje, mfungie chumba kimoja kwa siku mbili na beseni la mchanga, la sivyo hutajua lolote.

Sasa dawa. Usimpe paka Panadol wala dawa nyingine yoyote yenye parasetamo, iwe Hedex, iwe dawa ya maji ya watoto. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo kama linavyofanya la binadamu. Sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu zisibebe oksijeni. Ufizi hugeuka wa kahawia, uso na nyayo huvimba, na paka hufa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni miligramu 125 kwa kila kilo, na madhara makubwa yameonekana kwa kipimo kilicho chini sana ya hapo. Nusu kidonge si salama, robo si salama. Diklofenaki na ibuprofeni huua figo na kutoboa tumbo. Zipo dawa za maumivu za paka, na daktari huzipima kwa uzito wake. Kama ameshapewa Panadol, usisubiri dalili: nenda na paketi yake, ueleze kiasi na saa.

Jeraha lililopasuka lioshwe kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa. Usitumie Dettol, Jik wala spiriti. Paka hujilamba, na kilichopakwa ngozini huishia tumboni. Viuavijidudu vya jamii ya Dettol ni sumu kwake. Mafuta ya taa, ambayo bado watu humpaka paka kuua viroboto, huunguza ngozi na mapafu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini humtia paka degedege. Mtu ananunua kwa nia njema, anaona picha ya mbwa na kudhani mnyama ni mnyama.

Jikoni ndiko ajali mbaya zaidi hutokea, kwa sababu paka mwenye njaa huzunguka miguuni hasa wakati umebeba sufuria ya moto. Akimwagikiwa maji au mafuta, pooza eneo kwa maji ya kawaida ya bomba dakika 10 hadi 20, bila barafu. Paka aliyeungua hatakaa chini ya bomba. Mviringishe taulo, acha wazi sehemu iliyoungua tu, na umwagie kwa kikombe au weka kitambaa chenye maji na kukibadilisha kila kinapopata joto. Sehemu nyingine za mwili zibaki kavu asije akapata baridi. Usipake dawa ya meno, samli, yai wala asali. Na usiridhike kwa kuwa manyoya yako sawa: manyoya huficha, na ngozi iliyoungua huweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu, imekauka na kuanza kubanduka. Majivu ya jiko la mkaa ni mtego wa peke yake. Paka hupenda joto lake, huingia kulala usiku, na chini ya jivu makaa bado ni mekundu. Lifunike kwa sufuria kuukuu au lifungie nje.

Akikung'ata au kukuparua wakati unamsaidia, usimpige, ni hofu. Lakini jeraha lako usilidharau. Meno ya paka ni membamba, huzamisha vijidudu ndani na tundu hufunga juu. Osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyo. Katika nchi zetu kichaa cha mbwa bado kipo, na paka hukipata pia, kwa hiyo mweleze mhudumu kama paka amechanjwa au la.

Kumpeleka kwa daktari kusiwe mshtuko wa pili. Boksi la katoni imara lenye matundu, taulo chini, kitambaa juu. Usimbebe mikononi kwenye bodaboda au bajaji. Ukishuku mgongo umeumia, mteremshe taratibu juu ya kitu kigumu, ubao au hata sinia kubwa, bila kumkunja. Usimnyweshe maji wala maziwa paka aliyezimia au anayeyumba. Maofisa mifugo wengi wa kata na wilaya wamezoea ng'ombe na kuku, kwa hiyo piga simu sasa, paka akiwa mzima, uulize nani jirani anatibu paka na wapi kuna eksirei. Aliye Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Aliye Nairobi anaweza kufika kwenye kliniki ya kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete.

Kwa ajali nzito, kama kuanguka ghorofani au kubanwa na mlango tumboni, siku tatu ndizo za kuangalia. Mapafu yaliyochubuka huweza kuzidi ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Kibofu kilichopasuka hujionyesha kwa paka kutapika, kulegea na tumbo kujaa, mara nyingi siku ya pili. Kiwambo kati ya kifua na tumbo kikichanika, paka huweza kula kama kawaida leo na kushindwa kupumua wiki ijayo. Hivyo mtazame saa moja baada ya ajali, saa sita baadaye, asubuhi yake, kisha asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kila mara ni mambo manne: pumzi, ufizi, kula, kukojoa. Andika kwenye karatasi. Paka asiyekula kwa saa 24 ni sababu ya kupiga simu. Akikaa siku mbili tatu, hasa kama ni mnene, ini lake huanza kujaa mafuta na hilo linakuwa ugonjwa mpya.

Uaminifu hurudi, na mara nyingi upesi kuliko mwenyewe anavyofikiri. Kinachourudisha ni mazoea, wala si wingi wa kubembeleza. Chakula saa ileile, sauti ileile, mikono isiyomfuata. Paka akiendelea kukukwepa, weka bakuli mita mbili kutoka ulipokaa. Akila bila kuinua kichwa mara kwa mara, kesho lisogeze nusu mita. Dagaa waliolowekwa na kuchemshwa bila chumvi wanatosha kuwa kishawishi. Mtazame kisha ufumbe macho polepole na kufumbua nusu. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walionyesha kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba yao, na humsogelea zaidi mtu mgeni aliyewafanyia hivyo. Akifika, nyosha kidole kimoja kwenye usawa wa pua yake na usubiri. Akisugua shavu, mkune kidevuni na mashavuni. Ngozi ya mgongo ikitetemeka, mkia ukianza kupigapiga, toa mkono kabla hajakuomba kwa meno. Kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako. Kumshika ngozi ya shingo na kumning'iniza ni kwa mama paka na mwanawe mchanga tu. Watoto wa watu wambebe wakiwa wameketi chini, ili akijirusha asianguke mbali.

Kuhusu kumtisha bila kumgusa: sikio la paka hufika hadi kilohezi 85 hivi, letu huishia kama 20. Mfuniko wa sufuria ukianguka kwenye saruji, kwake una sauti ambazo wewe huzisikii kabisa. Kwa hiyo kumshtua kutatokea, haliepukiki, na halimdhuru mradi ana pa kwenda. Kila chumba anachotumia kiwe na mahali pa kujificha ambapo hakuna anayeingiza mkono: boksi lililolazwa, nafasi nyuma ya kochi. Boksi lenye matundu mawili ni bora, hajioni amebanwa.

Ajali nyingi zinazuilika kwa kujua kwa nini zinatokea. Paka haoni vizuri kitu kilicho chini ya sentimeta 25 hivi kutoka machoni, na mguu unaoshuka ghafla kando ya uso wake humkuta hajui akwepe wapi. Usiku, au umeme ukikatika, buruza nyayo badala ya kuziinua, na mwite kwa jina unapoingia ukumbini. Mlishe kabla ya kuanza kupika, wala si baada. Pwani, msimu wa kusi, kila mlango uwe na kigingi au jiwe. Upepo huo hufunga mlango kwa nguvu ya kukata mkia. Papasa blanketi kabla ya kuketi. Sehemu za baridi kama Arusha, Limuru au Njombe, paka huingia chini ya boneti kutafuta joto la injini: gonga boneti mara mbili tatu, ngoja kidogo, ndipo uwashe. Kengele shingoni husaidia, ila mkanda uwe wa aina inayofunguka wenyewe ukinaswa. Mtoto wa paka wa chini ya wiki nane asilale kitandani mwako hata kama analia. Mpe boksi, kitambaa, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo.

Wengi wetu tumekua na simulizi, iliyomo katika hadithi za Mtume Muhammad, ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, na tukimkanyaga paka gizani huyo ndiye tunayemkumbuka. Mwanamke huyo alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie hadi akafa. Aliyekanyaga bila kuona, kisha akakaa macho kumwangalia hadi apone, hayumo humo.

Lakini kuna wasiwasi usiokubali kutulia hata paka akiwa mzima kabisa. Mtu anafungua friji mara tano kuhakikisha hakumfungia ndani, anamwamsha usiku kuhesabu pumzi, anampapasa mkia kila saa, anajiwa na picha za kumuumiza ambazo hazitaki na zinamchukiza. Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku. Akiamshwa na kupapaswa mfululizo ataanza kujificha, na kujificha kwake kutaongeza wasiwasi uleule. Anza kwa karatasi ya siku tatu: saa za kuangalia zikipita na mambo manne yako sawa, ukaguzi umekwisha. Mashine ya kufulia au friji, tazama mara moja, funga, sema kwa sauti "nimeona", ondoka bila kurudi. Mara ya kwanza mwili utalalamika, kisha hali hiyo hushuka yenyewe usipoilisha kwa kuangalia tena. Ukishindwa, na jambo hili likawa linakula saa nzima au zaidi ya siku yako au usingizi wako, huo ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na mtu mwenye mawazo hayo si mkatili. Anayaogopa kwa sababu anampenda mnyama wake. Kliniki za afya ya akili zipo katika hospitali kubwa za rufaa, na Mirembe iliyoko Dodoma na Mathari ya Nairobi ni hospitali za kazi hiyo hasa. Nenda na ueleze hivyohivyo ilivyo, pamoja na idadi ya mara unazokagua kwa siku.